Jirani kamgonga mama akitoka getini kwa rivasi, sasa kaja na karatasi anataka tusaini yaishe

Kifungua_Mimba aliandika:

Wadau habari za humu, naombeni mawazo maana kichwa kimejaa. Wiki tatu zilizopita mama yangu, ana miaka 71, alikuwa anapita kwa miguu mbele ya nyumba ya jirani, pale njia ya kutolea gari inapokatiza njia ya waenda kwa miguu. Jirani akawa anatoa gari kwa rivasi, kijana wake kasimama pembeni anamwambia njoo njoo njoo, mama akapigwa na bampa ya nyuma akaanguka ubavu. Nyonga imevunjika. Kafanyiwa upasuaji kawekewa vyuma, sasa hivi anajikongoja na fremu la kushikilia na daktari kasema mazoezi yatachukua miezi.

Jirani si mtu mbaya, hilo niseme kabisa. Siku ileile ndiye aliyempakia mama akampeleka hospitali, akalipa gharama za mwanzo, na amekuja kumjulia hali mara mbili. Polisi hawakuitwa. Sasa juzi kaja na karatasi kaichapa mwenyewe, inasema familia imepokea hela kiasi fulani kwa ajili ya "madai yote ya sasa na ya baadaye" na hatutadai tena popote. Mdogo wangu anasema tusaini tuishi na watu kwa amani, dada mkubwa hataki hata kumwona, mimi niko katikati.

Na ana maneno mawili anayoyarudia. La kwanza eti mama ndiye aliyejipitisha nyuma ya gari wakati taa za rivasi zinawaka. La pili eti ile ni sehemu yake binafsi, kwahiyo mambo ya sheria za barabarani na bima hayahusiki. Kuna mtu kamjaza hayo.

Kosa ni la nani hapo, na mama ana haki gani? Nchi sitaji makusudi, sitaki tujulikane. Nipeni kanuni ya jumla, wakili wa huku nitamtafuta mwenyewe.

---

GiaYaPili alijibu:

Pole kwa mama mkuu. Ila tuongee ukweli, mimi ni dereva miaka mingi, mtu anayerudi nyuma haoni kila kitu, ndiyo maana gari likawekewa taa nyeupe na mengine yanapiga kelele kabisa. Mtu mzima ukiona taa unasimama. Na jirani alikuwa na mtu wa kumwelekeza, alienda taratibu, kampeleka hospitali, kalipa. Angekuwa mwingine angekimbia. Mnataka nini tena? Sainini mambo yaishe, mkimpeleka mahakamani mtaangaliana vipi kila asubuhi

---

DawatiLaMadai alijibu:

Gia umeongea kama wateja wangu wote niliowahi kuwapokea. Nimekaa kitengo cha madai ya magari kwenye bima miaka 11 kabla sijaacha, na ajali za rivasi ndizo zilikuwa faili rahisi kuliko zote kuamua nani mwenye kosa. Rahisi kwa sababu anayerudi nyuma ndiye anayefanya jambo lisilo la kawaida. Waenda kwa miguu wanapita kwao, magari mengine yanaenda mbele, wewe ndiye unayekwenda usikotazama, kwahiyo mzigo wa kuhakikisha hakuna mtu ni wako. Taa ya rivasi inawaambia watu kwamba unarudi nyuma. Haikupi haki ya njia.

Na hiyo "taratibu" nayo tuipigie hesabu. Kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, ni karibu mita 1.4 kwa sekunde moja. Kwa mzee wa miaka 71 hiyo sekunde anaitumia kugeuza shingo tu kuona nini kinakuja. Halafu bampa inampiga mguuni, anaangukia nyonga. Hakuna taratibu kwa mifupa ya mzee.

Kutokuona ndiyo kosa lenyewe jamani. Dereva akiniandikia kwenye fomu "sikumwona" alikuwa anadhani anajitetea, kumbe kashaniandikia kila nilichohitaji. Kama huoni nyuma, unasimama, unashuka unaangalia, au unaweka mtu wa kukuangalizia. Mwongozo wa barabara wa Uingereza unasema hivyohivyo, na unaongeza kwamba kama njia ya nyumbani kwako inaruhusu, ingia kwa rivasi ili kutoka utoke na uso mbele. Ujerumani wameandika kwenye sheria yenyewe kwamba anayerudi nyuma lazima aende kwa namna isiyomhatarisha mtu yeyote, na ikibidi aelekezwe na mtu.

Kuhusu kijana aliyesema njoo njoo: hamwokoi baba yake hata kidogo. Usukani uko mikononi mwa dereva. Labda kijana naye aingie kwenye lawama kama alikuwa anachezea simu, ila hilo ni la kwao wakagawane, mama yako halimhusu. Tena mimi ningemuuliza swali moja tu, ulisimama upande gani? Maana wengi wanasimama pembeni ya mlango wa dereva ili wasikike, ambako huko nyuma upande wa pili hawaoni lolote.

Karatasi USISAINI. Nitarudi kwenye hilo nikipata nafasi.

---

wakili_mchovu alijibu:

Nipite kwa haraka nina kesi asubuhi. Haya ni ya jumla, sheria ya kwenu inaweza kupinda hapa na pale, kwahiyo usiyachukue kama ushauri wa wakili wako.

Kuna njia mbili na watu wanazichanganya. Jinai ni kati ya dola na dereva, kuendesha kwa uzembe, inaishia faini au leseni na mara chache kifungo. Madai ni kati ya mama na dereva, na hapo ndipo fidia ilipo. Msipotaka jirani afungwe sawa, lakini kumsamehe kule hakufuti haki ya huku. Na huku kwenye madai, nchi nyingi si lazima uthibitishe kwa kiwango kile cha jinai, inatosha maelezo yako yawe na uzito kuliko yake.

Hoja ya "mama naye alichangia". Ipo kisheria, Gia hajakosea kabisa. Sehemu nyingi mahakama inagawa lawama kwa asilimia, wakisema mama kachangia robo basi kwenye kila 100 anapata 75. Kuna sehemu chache bado kali, majimbo kadhaa ya Marekani kama Alabama na Virginia ukichangia hata kidogo unaweza ukakosa yote. Lakini kwa mtoto, na sehemu nyingine kwa mzee pia, hoja hii inapoteza nguvu. Ufaransa wana sheria ya mwaka 1985 inayolinda wasiokuwa madereva, na mtu aliyejeruhiwa akiwa chini ya miaka 16 au zaidi ya 70 huwezi kumkata fidia ya mwili kwa kusema hakuangalia, labda uthibitishe alijitafutia madhara makusudi. Mama yako kule angekuwa kamaliza mjadala. Na hata kwingine, jiulize mama alikuwa wapi: kwenye njia ya waenda kwa miguu. Ndiyo njia yake. Gari ndilo lililoikatiza.

Hoja ya eneo binafsi. Kwanza kama mama alikuwa kwenye njia ya miguu hilo eneo si binafsi, umiliki wa jirani unaishia getini. Pili, hata ingekuwa ndani ya uwanja wake, uzembe ni uzembe popote, wajibu wa kutomdhuru mtu hauna geti. Kinachoweza kubadilika ni BIMA, kwa kuwa baadhi ya nchi bima ya lazima inahusu barabara na sehemu za umma tu. Ulaya jambo hili lilifika mpaka mahakama yao ya juu: Slovenia mwaka 2007 trekta lilikuwa linarudi nyuma na tela ndani ya uwanja wa shamba likapiga ngazi, bwana mmoja aliyekuwa juu yake akaanguka. Inaitwa kesi ya Vnuk. Mwaka 2014 mahakama ikasema bima ya lazima inahusu gari linapotumika kwa kazi yake ya kawaida, uwanja wa mtu au si uwanja wa mtu. Uingereza baada ya kutoka Umoja wa Ulaya wakautoa huo msimamo kwenye sheria yao mwaka 2022. Kwahiyo unaona hata wakubwa hawajakubaliana, ila kubishana kwao ni juu ya nani alipe. Kwamba dereva anawajibika hakuna aliyebisha.

Kwa hiyo cha kwanza kesho nenda pale mlipogongewa upige picha, upime kutoka geti mpaka alipoanguka. Hiyo mita moja au mbili inaweza kuwa kesi nzima.

---

Kifungua_Mimba alijibu:

Aisee asanteni sana, nimesoma mara mbili. Wacha niongeze mambo ambayo sikuyasema, mengine nilikuwa naona aibu.

Moja, tulipofika hospitali mama alipoulizwa imekuwaje akasema "nilianguka". Kwa jinsi alivyo hakutaka kumtia jirani matatani akiwa amesimama palepale. Kwahiyo faili linasema mgonjwa alianguka. Nimegundua jana nilipoomba nakala.

Pili, gari si la jirani, ni la kampuni anayofanya kazi. Anakuja nalo nyumbani kila siku. Na kuna siku kaniambia pembeni, kaka naomba hii isifike ofisini wataniharibia kazi.

Tatu, mama alishaambiwa na daktari miaka ya nyuma kwamba mifupa yake imepungua nguvu. Jirani analijua, na kashaanza kusema "hata angejikwaa tu ingevunjika".

---

DawatiLaMadai alijibu:

Ahaaa. Sasa karatasi nimeielewa. Nilikuwa najiuliza mtu mwenye bima anaogopa nini kuitumia, kumbe haogopi bima, anaogopa ofisi. Namwonea huruma kibinadamu, lakini mnaombwa mama yenu alipie siri yake.

Nianze na hospitali maana hilo ndilo linaloniuma tumbo. Wazee wetu wanafanya hivi kila siku, anajificha nyuma ya neno nilianguka ili asimwaibishe mtu. Afisa wa madai akiona faili la siku ya kwanza linasema "alianguka" halafu barua ya wiki ya nne inasema "aligongwa", anatabasamu. Msijaribu kubadilisha kilichoandikwa, hapana, hapo mtajimaliza. Rudini kwa daktari aliyemtibu, mama mwenyewe aeleze ilivyokuwa na kwanini siku ile alisema vile, daktari aandike kama maelezo ya nyongeza kwa tarehe ya leo. Alama za michubuko upande aliopigwa kama ziliandikwa au mlipiga picha zitasaidia. Nguo alizovaa siku ile msizifue, ziwekeni kama zilivyo. Nani mwingine alimwona jirani akimpakia mama? Nani alipokea simu ya kwanza? Kama jirani aliwahi kuwaandikia ujumbe wa simu wa aina ya "poleni, naomba radhi kwa nilichofanya" usifutwe hata ukiwa na hasira naye. Hizo jumbe zimewahi kuokoa watu kuliko ripoti.

Na polisi bado muende. Kuchelewa kupo, ila kuchelewa wiki tatu mkieleza kwanini ni afadhali kuliko kutokwenda, nchi nyingi bima haifungui faili la majeruhi bila ripoti.

Mifupa. Hii nayo nimeisikia mno, na nakiri kuna wakati na mimi niliiandika kwenye barua za kukataa madai. Kanuni wanayofuata mahakama nyingi inasema aliyemgonga mtu anampokea vilevile alivyomkuta. Ukimgonga mwenye mifupa ya kioo unalipia kioo, huwezi kusema ningegonga chuma kisingevunjika. Wanachoweza kupunguza ni kama daktari atathibitisha kwamba mama angefikia hali hiyohiyo muda si mrefu hata bila ajali. Tofauti kubwa hiyo. "Angeweza kuvunjika" si sawa na "angevunjika".

Gari la kampuni: kwenu ni nafuu. Bima iko kwenye gari, na kampuni inajaza fomu. Kama jirani alikuwa anatoka kwenda kazini au kwenye shughuli ya ofisi inawezekana mwajiri naye akabeba wajibu, hilo wakili atachambua maana safari ya kwenda kazini tu sehemu nyingine haihesabiki. Ila bima ya kumlinda mtu wa tatu, yaani mama yako, inaangalia gari. Mnachohitaji ni namba ya gari na jina la bima, basi. Jirani asipotoa taarifa kwa wakati bima itamkasirikia yeye, nchi nyingi haiwezi kumnyima mama kwa kosa la mteja wake, inamlipa halafu inageuka kumdai mteja. Na Ulaya majeruhi anaweza kuidai bima moja kwa moja bila kumpitia dereva.

Sasa karatasi. Maneno "ya sasa na ya baadaye" ndiyo sumu. Nyonga ya mzee hujui itakavyoishia wiki ya tatu. Vyuma vinaweza kulegea akarudi chumba cha upasuaji, anaweza asirudi kupanda ngazi tena, akahitaji mtu wa kumwogesha. Fidia inatakiwa iangalie hayo yote: matibabu yaliyopita na yajayo, mazoezi, nauli za kwenda kliniki, maumivu, muda wa ndugu anayeacha shughuli zake kumhudumia (ndiyo, sehemu nyingi hata huo unadaiwa, watu hawajui). Ukisaini leo umeuza vyote kwa bei ya dawa za mwanzo. Sisi tulikuwa tunapenda sana kumaliza mapema, tena tukimkuta mtu bado ana bandeji ndiyo vizuri zaidi. Sijivunii. Hela mnaweza kupokea, ila andikeni risiti kwamba ni sehemu ya gharama za matibabu na madai mengine yanabaki. Akikataa risiti ya hivyo mtakuwa mmejua alitaka kununua nini.

---

GiaYaPili alijibu:

Haya ya ofisi nilikuwa sijayajua, hapo narudi nyuma (taratibu na taa zimewaka 😅). Ila bado nasema magari yenyewe yana shida. Haya makubwa ya siku hizi kioo cha nyuma kidogo, mtoto wa miaka 3 amesimama nyuma humwoni kwa kioo chochote.

---

wakili_mchovu alijibu:

Kweli kabisa Gia, ndiyo maana Marekani wakalazimisha kamera. Sheria yao ina jina la mtoto wa miaka 2 aliyegongwa mwaka 2002 na baba yake mwenyewe, daktari wa watoto, akilirudisha gari nyuma hapohapo nyumbani. Bunge likapitisha, ikasainiwa 2008, halafu ikavutwavutwa miaka 10, magari mapya yote madogo yakalazimika kuwa na kamera ya nyuma kuanzia Mei 2018. Mamlaka yao ilikadiria vifo 210 na majeruhi 15,000 kwa mwaka kwa ajali hizi, na kwenye vifo watoto chini ya miaka 5 walikuwa asilimia 31, wazee wa 70 na kuendelea asilimia 26. Zaidi ya nusu ni hao wawili.

Lakini angalia inavyomgeukia dereva: gari likiwa na kamera, "sikumwona" inazidi kuwa ngumu kuitetea. Kifungua_Mimba hilo gari la ofisi ni jipya? Kama lina kamera au vihisi vya nyuma, hilo litajwe kwenye barua ya madai. Na kama ofisi imefunga kifaa cha kufuatilia gari, data ya siku ile ipo mahali. Iombwe kwa maandishi mapema kabla haijafutika.

Muda wa kufungua kesi pia una ukomo, Uingereza ni miaka 3 kwa madhara ya mwili, kwa mtoto inaanza kuhesabiwa akitimiza 18. Kwenu ulizia wiki hii. Kuna nchi mfumo wenyewe ni tofauti kabisa, New Zealand tangu 1974 majeruhi analipwa na mfuko wa serikali bila kuuliza nani mkosa, na kumshtaki dereva akulipe fidia ya majeraha haipo.

---

Mjomba_Side alijibu:

Huwa nasoma tu humu siandiki. Leo niseme.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Miaka sita sasa. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 4, nilimuaga mlangoni nikamwona anaingia ndani, nikaingia kwenye gari nikaweka rivasi. Kumbe katoka mlango wa nyuma kuja kunipungia. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Yuko hai anakimbia, Mungu mkubwa, lakini ule mlio mimi nausikia mpaka leo nikigusa gia.

Nilichotaka kusema ni hiki. Familia ilikaa kimya, dada akasema siwezi kumdai kaka yangu, na mimi kwa aibu nikawa nalipa kidogokidogo kutoka mfukoni mpaka nikashindwa, mtoto akakosa kliniki mbili za mazoezi kwa sababu nilikuwa sina na sikutaka kusema sina. Mwaka mzima. Ndipo rafiki mmoja akaniuliza, hivi wewe bima unaikatia nini kila mwaka? Nikaenda nikajiripoti mwenyewe. Walilipa, kwa mbinde na maswali ya kunidhalilisha, ila walilipa, na dada hakuwahi kusimama mbele yangu mahakamani.

Kwahiyo kwa huyo jirani, mimi namwelewa kuliko nyie wote. Kaeni naye. Mwambieni hatukudai wewe, tunadai kile ulichokatiwa. Ila msikae muda mrefu kama sisi.

---

Kifungua_Mimba alijibu:

Mjomba asante sana, nilimsomea mama uliyoandika akanyamaza muda mrefu halafu akasema "basi kesho nipelekeni kwa daktari nikaseme ukweli".

Mrejesho. Tumeenda, daktari kaandika nyongeza, na kumbe muuguzi siku ile alikuwa ameandika michubuko ya paja upande wa gari, mstari kabisa. Nimepima, alipoanguka ni mita moja na nusu NJE ya geti. Polisi wamechukua maelezo, walitusema kidogo kwa kuchelewa. Gari ni la mwaka juzi na kamera ya nyuma inayo.

Jirani nilimfuata jioni na mdogo wangu, dada tulimwacha. Nilimrudishia karatasi yake bila saini nikamwambia maneno ya Mjomba karibu yaleyale. Alikaa kwenye ngazi akasema kwamba sera ya ofisi hairuhusu gari kutumika Jumapili. Ajali ilikuwa Jumapili. Kampa mdogo wangu jina la bima mwenyewe bila kuombwa mara ya pili.

Sasa DawatiLaMadai au wakili: hiyo ya Jumapili inamwathiri mama?

---

DawatiLaMadai alijibu:

Inamwathiri jirani. Kwa mama, andikeni barua ya madai kesho, namba ya gari, tarehe, mahali, na hiyo mita moja na nusu iweke aya ya kwanza. Bima wakileta hoja ya Jumapili waambie wamalizane na mwenye gari. Wakikataa kwa maandishi leta hapa hiyo barua, ficha majina, tuisome.